Mapigo Sabini na Sita

Kwa heshima na taadhima, mbele ya wasomaji wote wenye mioyo inayopiga, natangaza kwamba mimi niliwahi kuwa Mhesabu Mapigo Mkuu wa nyumba yetu, cheo ambacho hakijawahi kushikwa na mtu mwingine tangu nyumba hiyo ijengwe. Nilikipata kwa sababu kitanda changu kiko hatua mbili kutoka kitanda cha Dada, na kwa sababu Mama alikataa katakata kuamka saa kumi na moja na nusu.

Nyumbani naitwa Kiroboto, kwa kuwa naruka na kuuma. Nina miaka kumi na sita. Wakati wa mambo haya nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, mahali ambapo nimefundishwa mawili ya maana: kutandika kitanda kikanyooka kama meza, na kuandika kila jaribio la maabara kwa tarehe, hata likiharibika. Hilo la pili lishike, maana ndilo lililoniponza.

Dada yangu anauza misumari, bawaba na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Ni mrefu, mkimya, na tangu utotoni ametaka kitu kimoja tu: kuingia kikosi cha zimamoto. Mtihani wao wa kuingia si wa kalamu. Unapanda ghorofa nne ukiwa na mfuko wa mchanga begani, unaburuta mpira wa kuzimia moto uliojaa maji, halafu unakimbia kuzunguka uwanja mpaka wakuambie basi. Kabla ya hapo mwalimu wa mazoezi lazima asaini fomu kuthibitisha kwamba mwili wako uko tayari. Fomu ya Dada ilitakiwa ifike ofisini kwao Jumamosi ya tarehe kumi na saba kabla ya saa sita mchana. Na kwa umri wake, mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Mwakani wasingempokea hata akipanda ghorofa nne kwa mikono.

Mwalimu mwenyewe alikuwa Kocha. Alikuwa na ukumbi wa mazoezi ndani ya ghala kuukuu nyuma ya karakana ya magari, wenye vyuma vilivyochubuka rangi, matairi ya kuburuta, na kioo kimoja kirefu chenye ufa unaomkata kila mtu kiunoni. Siku ya kwanza alimwita Dada "Zimamoto" kwa utani. Wiki ya pili ikawa mazoea. Mwezi wa tatu alilitamka jina hilo polepole, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Dada naye akaanza kupiga pasi nguo za mazoezi, jambo ambalo halijawahi kufanywa na binadamu yeyote ninayemjua.

Hawakuwa wameambiana kitu. Kocha alisema tu, mara moja, huku akikunja kamba ya kuruka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa, kwamba mtihani ukipita angependa kuja kuzungumza na Mama. Dada alirudi nyumbani akaweka chumvi kwenye chai.

Mama hakuhitaji kuzungumzishwa. Msimamo wake ulikuwa umekatwa na kushonwa zamani: hakuwa na haja ya mkwe anayeshinda kutwa akipima viuno vya wanawake. Nilimkumbusha kwa adabu zote kwamba yeye ni fundi cherehani na amepima viuno vya mtaa mzima, vya wanaume vikiwemo. Alinijibu kwamba yeye huwapima ili wavae, na akanituma uzi.

Sasa tuje kwenye daftari. Lilikuwa la jalada la bluu, na Kocha alikuwa ameandika sheria tatu kwa wino mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza. Sheria ya kwanza, mapigo ya moyo yahesabiwe asubuhi kabla mwenyewe hajainuka kitandani. Ya pili, ahesabiwe na mtu mwingine kwa dakika nzima, maana anayejihesabu hujipendelea. Ya tatu nitaitaja mbele kidogo, haikimbii. Kocha alieleza kwamba moyo wa mtu aliyejiandaa vizuri hupiga polepole akiwa amepumzika. Ukianza kwenda mbio alfajiri bila sababu, basi mwenyewe hakulala, au anaumwa, au anafanya mazoezi kuliko anayopangiwa.

Wiki ya kwanza nilihesabu hamsini na nane, hamsini na saba, hamsini na nane. Kocha aliitazama ile safu ya namba kama mtu aliyeletewa picha ya mtoto wake. Tarehe tatu yakapanda: sabini na moja. Tarehe tano, sabini na tatu. Tarehe tisa, sabini na sita. Tarehe kumi na moja yakaporomoka hadi hamsini na saba, na kesho yake yakarudi juu. Jumatatu hiyo, tarehe kumi na mbili, Kocha alimwambia Dada kwamba namba zisiposhuka hatasaini. Baada ya hapo zikapanda zaidi.

Nyumba ikaingiwa na shaka kama nguo iliyoingiwa na unyevu.

Mama alilifungua daftari wakati anatandua shuka. Aliwahi kusikia kwa mteja wake mmoja kwamba moyo wa mja mzito hukimbia, na hilo likamtosha. Jumatano, na tena Ijumaa ya wiki hiyo, alimwita Dada ajaribu gauni lisilojulikana la nani, akamzungusha futi kiunoni, akanyamaza. Kiuno kilikuwa kimepungua vidole viwili. Mtu mwingine angetulia. Mama aliniambia kwa sauti ya chini, pini zikiwa mdomoni, kwamba hiyo maana yake mwenzetu anatapika kwa siri.

Dada naye alibadilika kuanzia Jumanne. Simu ya Kocha ikiita, aliigeuza kifudifudi mezani akaendelea kumenya viazi. Nilimuuliza kulikoni. Akasema hakuna kitu, kwa sauti ile ambayo watu hutumia kukiwa na kitu kikubwa sana.

Kocha alifika Jumamosi ya tarehe kumi na saba, siku ya mwisho ya fomu, saa tatu na robo asubuhi, akiwa amevaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo vyote. Mama alikuwa kwenye cherehani pembeni ya dirisha la sebuleni. Kocha akamwamkia, na marahaba ya Mama ilikuwa fupi kuliko uzi aliokuwa akiukata. Dada alitoka chumbani na sare ya dukani, akakaa kiti cha mbali. Mimi nilikaa karibu na kabati la vyombo, mahali penye njia mbili za kukimbilia.

Kocha alikataa chai. Alikataa maji. Daftari, alilobaki nalo tangu jana yake, lilikuwa juu ya magoti yake, fomu imechomoza katikati, na mikono yake mikubwa ililifunika kama mtu anayelinda mshumaa kwenye upepo.

"Zimamoto," alianza, kisha akamkumbuka Mama. "Samahani. Nimekuja kukuuliza jambo moja, na ukinijibu ukweli sitakasirika. Ni nani?"

"Nani wa nini?"

"Anayekufundisha."

Dada alimtazama kana kwamba amezungumza akiwa majini. Kocha akafungua daftari akaanza kueleza, na alieleza vizuri, kama mtu aliyekesha na hoja zake. Mwili wa mtu aliyepumzika vya kutosha haupandishi mapigo hivyo. Alimpunguzia mazoezi, namba zikapanda. Alimpa siku ya mapumziko, zikapanda. Kwa hiyo kuna mahali pengine anakwenda, kuna mtu mwingine anayemnyanyulisha vyuma. Alipotaja vyuma vya mtu mwingine sauti ilimkatika kidogo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika kazi ile hakuna usaliti mbaya kuliko huo.

"Tazama tarehe kumi na moja," alisema. "Hamsini na saba. Siku hiyo tu. Ilikuwa Jumapili. Hata yeye hupumzika Jumapili, sivyo?"

Dada alicheka, lakini macho hayakushiriki.

"Umenihesabia mpaka Jumapili," alisema. "Na wewe je? Mwenye bangili hajambo?"

"Bangili gani?"

"Mwanafunzi wako mpya. Anayecheka mpaka anadondosha vyuma, na wewe unamshikia mgongo asianguke."

Kocha alifikiri kwa bidii, unaona kabisa anawapitia wanafunzi wake mmoja mmoja kichwani. Akasema mwanafunzi wake mpya pekee ni fundi saa mstaafu mwenye goti bovu, ambaye havai bangili na hajawahi kucheka tangu ajiandikishe. Dada akamwambia asimfanye mtoto. Kocha akauliza nani aliyemwambia habari hizo. Dada akafunga mdomo, uso ukamwiva, naye Kocha akatafsiri ule ukimya kwa namna yake: kwamba aliyemwambia ni yule mwalimu mwingine, anayempeleleza mpaka ukumbini. Walikaa wakitazamana, na kila mmoja alikuwa na sura ya mtu aliyeibiwa anayemkodolea macho mwizi.

Mimi nilichunguza kwa makini vikombe vya kabatini. Vilikuwa saba.

Cherehani ikanyamaza. Mama akaweka mkasi mezani, akaweka na pini, akajifuta mikono kwenye kanga kama mtu anayejiandaa kupokea mtoto mchanga.

"Kwa kuwa nyote mnaona haya, nitauliza mimi," alisema. "Mwanangu, ya miezi mingapi?"

Kocha ndiye aliyeelewa kwanza. Alimgeukia Dada taratibu sana, na usoni mwake nikaona vitu vitatu vikipita kwa zamu: hesabu, kisha hofu, kisha huzuni ya mtu anayejijua kwamba yeye hajamshika mwenziwe hata kidole. Dada alichelewa. Alimtazama Mama, akaitazama futi iliyoning'inia shingoni mwake, na ndipo ikamwingia.

"Mama. Lile gauni la Ijumaa."

"Halina mwenyewe," Mama akakiri.

Dada akasimama. Hakupaza sauti, Dada hajui kupaza sauti. Alisema miezi mitano amebeba mchanga. Ameamka gizani, amekula mayai yasiyo na chumvi mpaka amewachukia kuku, amepanda ngazi za jengo la duka na ndoo mbili za rangi wakati wenzake wamelala baada ya chakula. Na leo, siku ya mwisho, mama yake amempima tumbo kwa hila, na mtu ambaye alidhani anamfahamu amekuja kumwuliza ni nani.

"Nihesabu," alimwambia Kocha, akakaa kwenye kiti kilicho mbele yake na kunyoosha mkono. "Sasa hivi, mbele ya Mama. Kama mwili wangu una siri, uiseme."

Kocha aliushika mkono ule. Alikuwa ameshika mikono mingi katika kazi yake, nafikiri mamia, lakini huu aliupokea kwa vidole viwili kama kitu alichoazimwa. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Ya Dada yalikuwa kwenye kifungo cha juu cha shati lake. Kwenye nusu dakika yalipanda hadi kidevuni. Kwenye robo ya mwisho Kocha alikosea, akaiacha saa, wakatazamana, akairudia saa haraka. Mama alikohoa.

Dakika ikaisha. Kocha aliuachia mkono kama pasi ya moto.

"Tisini na mbili," alisema. "Na umekaa."

Aliichomoa fomu kutoka kwenye daftari, akaiweka mezani bila kuisaini, akaisukuma mbali kidogo kwa kidole.

"Haya si mazoezi tena. Nilikosea, nisamehe. Haya ni maradhi. Nikisaini, halafu ukaanguka ghorofa ya tatu na mfuko begani, mimi ndiye nitakayekuwa nimekuangusha. Nenda kwa daktari. Nitakuandikia barua sasa hivi, aone namba zote."

"Saa nne kasoro," alisema Dada. "Daktari gani atakayenimaliza kabla ya saa sita?"

Machozi ya Dada hayakudondoka, yalisimama tu ukingoni, nadhani kwa sababu ya mazoezi. Mimi nikainuka nikaelekea jikoni kuleta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

"Kiroboto," alisema Mama.

"Abee, Mama."

"Tangu saa tatu hujafanya utani hata mmoja."

Nikasema ninawaheshimu wageni. Mama akaniambia nirudi nikae, na safari hii akanionyesha kiti kisicho na njia yoyote ya kukimbilia.

Wakati huo Kocha alikuwa amelifungua daftari kwa nyuma, atafute karatasi safi ya kuandikia barua kwa daktari. Ukurasa wa mwisho haukuwa safi. Aliusoma kimya, akarudi juu, akausoma tena kwa sauti, na mwandiko ule wa bweni, mzuri, wenye mistari iliyopigwa kwa rula, ulisikika sebuleni kote.

"Jina la jaribio: Athari ya maneno kwa moyo wa Dada. Vifaa: Dada mmoja, saa ya ukutani, Kocha mmoja asiyekuwepo. Hatua: mnong'oneze kabla ya kuhesabu."

Akateremsha kidole mstari wa chini.

"Tarehe tatu: Kocha alivaa shati jeupe. Sabini na moja. Tarehe tano: Kocha aliniuliza Dada anapenda maua gani. Sabini na tatu. Tarehe tisa: Kocha amekata nywele, shingo yote inaonekana. Sabini na sita. Tarehe kumi na moja: nina mafua, sikuweza kusema kitu. Hamsini na saba."

Sasa naweza kuitaja sheria ya tatu. Ilisema: anayehesabiwa asisemeshwe.

Dada alikuwa ameuzika uso wake ndani ya mto wa kiti. Kocha alimwita mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti ya mwalimu na mara ya pili kwa ile sauti ya kupuliza chai. Alimuuliza kama alikuwa akiyasikia hayo maneno kila asubuhi. Mto ukajibu kwamba aliyasikia yote.

"Mbona hukuniambia?"

Dada akainua uso. "Ningesemaje? Kocha, usijali namba, mdogo wangu amenitajia shingo yako? Kila asubuhi nilijiambia leo nitatulia. Nikafikiri bora unidhanie kitu kingine chochote kuliko kujua hilo."

Daftari lilimponyoka Kocha mkononi, akaliokota, likamponyoka tena. Mama, ambaye hajawahi kuamini kitu asichokipima mwenyewe, aliondoka kwenye cherehani, akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Lete mkono," alimwambia.

Alimhesabu dakika nzima, midomo ikichezacheza kama anapohesabu vifungo. Alipomaliza aliurudisha mkono ule mahali pake, juu ya goti la mwenyewe.

"Mia na nne," alisema. "Na hakuna aliyekunong'oneza." Kisha akarudi kwenye mshono wake, na baada ya kushona kidogo akaongeza, bila kugeuka, kwamba mtu akitaka kuja kuzungumza aje siku ya kazi, Jumamosi ana wateja.

Kocha akasaini. Alisema tangu namba zipande, tarehe kumi na moja ndiyo pekee iliyopimwa kwa kufuata sheria, na hamsini na saba ni moyo wa kupanda ghorofa nane, achilia mbali nne. Ilikuwa saa nne na nusu. Dada alichukua fomu, akavaa viatu, akafika mlangoni. Nikaanza kushusha pumzi.

Hapo akageuka. Nilisahau kwamba Dada ni mtu wa duka la vifaa. Hapokei boksi bila kuangalia chini yake. Alilichukua daftari mkononi mwa Kocha, akageuza ukurasa wangu upande wa pili. Upande huo hakusoma kwa sauti. Mimi ninaujua kwa moyo. Tarehe kumi na tatu: Kocha ana mwanafunzi mpya mwenye bangili. Themanini. Tarehe kumi na nne: walicheka. Themanini na moja. Tarehe kumi na sita: alimshikia mgongo. Themanini na nne.

"Hakuna bangili," alisema.

"Hakuna."

"Haya ni baada ya Jumatatu. Ulishajua hatasaini zisiposhuka."

Nikasema sayansi inahitaji kurudiwa ili matokeo yaaminike. Hakuna aliyecheka, na kwa kweli sikuwa nimetegemea. Dada alirudi, akapiga magoti mbele ya kiti changu, akanishika mkono pale pale ninapomshika yeye, akatazama saa.

"Kwa nini, Kiroboto?"

Nikamwambia ulikuwa utani tu.

"Yamepanda," alisema, bila kuondoa macho kwenye saa. "Kwa nini?"

Mimi nimewahi kusimamishwa mbele ya shule nzima kwa kuweka saa ya kuamsha ndani ya ngoma ya bendi, na sikutoa jasho. Asubuhi ile, mbele ya mama mmoja, kocha mmoja na futi moja, sauti ilinitoka nyembamba kama uzi wa kutarizi.

Nikasema zile za mwanzo zilikuwa utani kweli, ziandikwe hivyo. Lakini Jumatatu nilimsikia akimwambia Mama kwamba wakimpokea, kambi yao ni miezi tisa bila ruhusa ya kutoka, na baada ya hapo watu hupangiwa vituo vya mbali. Na Kocha akishakuja kuzungumza, hata huko akitoka hatarudi kwenye chumba chetu. Nikasema kila muhula mimi ndiye ninayefunga sanduku, naye ndiye anayesimama mlangoni kunipungia. Ninajua kuondoka; nimefundishwa, nina cheti. Kubaki sikuwahi kufundishwa. Nikasema nilitaka nikirudi likizo nikute kitanda cha pili kina mtu.

"Ndiyo maana," nikasema. "Bangili niliibuni mimi. Hata yule mteja wa Mama mwenye habari za mja mzito, nilimsikia akisema, na mimi ndiye niliyeliacha daftari juu ya shuka makusudi, Mama alisome."

Dada aliuachia mkono wangu dakika ilipoisha, akaniambia nivae viatu, fomu tutaipeleka sote wawili kabla ya saa sita.